Ardhi hujulikana kwa miguu: kutoka milima ya Usambara hadi bonde la Mto Don

Makala ya juma hili yanatufikisha Don Mills, mjini Toronto, nchini Canada, mahali ambapo watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki wamefanya makao. Yanaeleza jinsi mtu aliyezoea kutembea katika nchi ya milima anavyoweza kuijua nchi mpya, na anachopoteza asipoitembea.

Msikilizaji, katika madirisha ya nyumba nyingi za ghorofa za miji ya baridi huwekwa chungu kidogo chenye ua la rangi ya zambarau, lenye majani manene yenye manyoya mororo. Ua hilo halitaki jua kali wala nafasi kubwa, na ndiyo sababu wakaao katika vyumba vidogo hulipenda. Hununuliwa madukani Toronto kama linavyonunuliwa Berlin au London. Wengi wanaolimwagilia maji kila juma hawajui kwamba kwao ni milima ya Tanzania.

Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilichukua ua hilo Usambara na kulipeleka Ujerumani. Wataalamu wa mimea wakalipa jina la Saintpaulia kwa heshima yake. Wajerumani wa kawaida hadi leo huliita kwa jina la milima yenyewe.

Ua lililo chunguni hukaa pale lilipowekwa. Mwanadamu aliyehama, hata hivyo, ana miguu. Tuseme basi kwamba bibi mmoja aliyezaliwa huko juu Mlalo, ambaye maisha yake yote alipanda na kushuka vilima kwenda shambani, sokoni na kisimani, anafuatwa na watoto wake na kupelekwa Canada. Anafika Don Mills, anapanda lifti, anakaa ghorofa ya kumi na tano. Chini yake anaona barabara na magari. Bibi huyo ataijuaje nchi hiyo?

Nchi inayosomwa kwa kupanda na kushuka

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kuijua nchi aliyotoka. Anayefika Mombo, katika barabara iendayo Moshi, huiona milima ya Usambara ikisimama ghafla kama ukuta. Kutoka hapo njia hupanda kwa kona nyingi, karibu kilomita 33, hadi Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Zaidi ya hapo vilele hupita mita 2,200. Chini ni nyika, kavu na ya joto. Juu kuna ukungu, migomba na mahindi, na asubuhi zinazohitaji shuka la pili.

Wanahistoria walioichunguza nchi hiyo, hasa Mmarekani Steven Feierman, wameeleza kwamba Washambaa wa zamani walipenda kujenga vijiji vyao karibu na ukingo wa milima. Sababu yake ilikuwa ya busara. Mtu aliyekaa ukingoni aliweza kulima juu, penye mvua, na pia kushuka kulima chini, penye joto. Mvua ikikosekana upande mmoja, huenda upande wa pili ukampa chakula. Familia iliyokuwa na mashamba katika miinuko mbalimbali ilikuwa na akiba ya aina yake, na ufunguo wa akiba hiyo ulikuwa miguu. Asiyetembea hakuweza kujua udongo upi umeshiba maji, kijito kipi kimepungua, wala mteremko upi umeanza kupasuka.

Washambaa walikuwa na maneno mawili yaliyobeba siasa yao yote. La kwanza ni kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. La pili ni kubana shi, kuiharibu nchi. Mfalme mwenye nguvu iliyotulia, kama Kimweri ye Nyumbai aliyetawala kutoka Vugha hadi alipofariki mwaka 1862, aliaminiwa kuwa ameiponya nchi: mvua zilinyesha, chakula kikapatikana. Wakuu walipogombana, nchi ilihesabiwa kuwa imeharibiwa. Njaa na ugomvi wa wakubwa vilitazamwa kama jambo moja.

Kwa sababu hiyo, baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipokuja na dawa yake ya kuiponya ardhi ya Usambara, watu waliipima kwa mizani hiyo hiyo. Mpango ulianza katika bonde la Mlalo mwaka 1946, na baadaye ukaenezwa milimani kote. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta mashambani ili kuzuia mmomonyoko, na miteremko mikali ikapigwa marufuku kulimwa. Mmomonyoko wenyewe haukuwa hadithi ya kubuni. Lakini matuta yalikuwa kazi nzito, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iliwaangukia wanawake. Aidha, kanuni moja ilitakiwa ifuatwe katika mashamba yasiyofanana, na wengi walihofu kwamba mwisho wake ni kunyang'anywa ardhi. Upinzani ulienea, ukaungana na harakati za kudai uhuru, na kufikia mwaka 1957 mpango ukaachwa.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba wakulima wa Usambara hawakukataa kuiponya nchi. Walikataa nchi yao iponywe na watu wasioitembea. Kati ya mwaka 1981 na 2000 Tanzania na Ujerumani ziliendesha Lushoto mradi mwingine wa kuzuia mmomonyoko, uliohimiza kupanda miti na mistari ya majani ya mifugo kukinga miteremko. Hapo mkulima alikuwa na faida ya kuona kwa macho: kuni, malisho, na udongo unaobaki shambani.

Milima iliyopinduliwa

Turudi sasa Don Mills. Mgeni anayefika Toronto hudhani ameletwa katika nchi tambarare kama meza. Hilo ni kweli kwa atazamaye kutoka dirishani au ndani ya basi. Lakini meza hiyo imepasuka mahali pengi. Mito na vijito vinavyoshuka kwenda Ziwa Ontario vimechimba makorongo marefu yenye misitu, na kwa hesabu za jiji lenyewe makorongo hayo hushika takriban asilimia 17 ya eneo lote la Toronto. Ni kana kwamba milima ipo, ila imepinduliwa. Usambara mtu hutoka bondeni akapanda kutafuta ubaridi na kivuli. Don Mills mtu hukaa juu, akashuka kuvitafuta.

Mto Don wenyewe huanzia kwenye vilima vya udongo na changarawe vilivyoachwa na barafu ya kale kaskazini ya jiji. Una matawi mawili makubwa, la mashariki na la magharibi, yanayopita pande mbili za Don Mills na kukutana kusini yake. Mtu akianzia bustani ya Edwards, kwenye barabara ya Lawrence, anaweza kufuata kijito cha Wilket hadi kwenye mto, akaendelea kusini chini ya majumba marefu ya Flemingdon Park na Thorncliffe Park, bila kukutana na taa hata moja ya kuongozea magari. Njiani ataona nguli wakisubiri samaki, na miti ile ambayo jani lake limo katika bendera ya Canada. Katika majira ya vuli samoni hupanda mto kutoka ziwani kwenda kutaga, nao wakifika kwenye vizuizi huruka kama wanaoshindana.

Bonde hilo lilikuwa na mpenzi wake mmoja ambaye habari zake zastahili kujulikana na kila mhamiaji. Jina lake ni Charles Sauriol. Alizaliwa Toronto mwaka 1904 katika familia yenye asili ya Kifaransa. Akiwa kijana katika chama cha skauti alipiga kambi katika bonde la Don, na tangu hapo hakuliacha. Mwaka 1927 alinunua kibanda mahali matawi ya mto yanapokutana. Siku hizo Don Mills ilikuwa mashamba matupu, na ingawa katikati ya jiji hapakuwa mbali kwa kilomita, bonde lilikuwa pori kwa maana kamili. Familia yake ilikaa huko majira ya joto mwaka baada ya mwaka. Sauriol alifuga nyuki, alipanda miti, alitembea kila njia na kuandika aliyoyaona: lini ua fulani limechanua, ndege gani amerudi, maji yamefika wapi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 yeye na wenzake waliunda chama cha kulihifadhi bonde hilo. Mwaka 1951 akaanzisha jarida dogo la kulitetea. Watu wengi wakati huo waliliona bonde kama jalala, au kama nafasi tupu inayosubiri barabara. Sauriol alikuwa na silaha moja ambayo wapangaji wa ofisini hawakuwa nayo: kila walipoonyesha mahali kwenye ramani, yeye alikuwa amekwisha kupatembea.

Usiku wa Oktoba 15

Kilichoigeuza fikra ya jiji hakikuwa jarida, bali maji. Tarehe 15 Oktoba 1954 kimbunga kilichoitwa Hazel, ambacho kilikuwa kimeleta maafa Haiti na Marekani, kilifika Ontario ardhi ikiwa tayari imelowa. Katika baadhi ya maeneo ilinyesha mvua ya milimita 285 ndani ya saa 48. Mito ilipanda usiku, watu wakiwa vitandani. Nchini Canada walikufa watu 81. Katika mtaa mmoja tu, Raymore Drive, kando ya Mto Humber magharibi ya jiji, walikufa 35 pale mto ulipozoa nyumba zao.

Somo lilikuwa chungu lakini lilisikika. Nyumba zilikuwa zimejengwa mahali ambapo mto hujinyoosha unapofura. Mwaka 1957 iliundwa mamlaka ya hifadhi ya mabonde ya Toronto na viunga vyake, ambayo ilinunua ardhi za mabondeni na kuzuia ujenzi humo. Sauriol alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi katika mamlaka hiyo. Misitu ambayo leo mtoto wa Don Mills anaweza kuitembea kwa sehemu kubwa imebaki kwa sababu ya wale waliozama usiku ule.

Lakini hadithi hii haina ushindi kamili. Jiji lililokataza nyumba bondeni lilipitisha humo humo barabara kuu ya magari, Don Valley Parkway. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1961 na ikakamilika mwaka 1966. Kibanda cha kwanza cha Sauriol kilitwaliwa kupisha barabara hiyo. Alihamia nyumba nyingine ng'ambo ya mto, na kufikia mwaka 1968 hiyo nayo ikatwaliwa. Mwaka uliofuata wanafunzi na wanaharakati waliufanyia Mto Don mazishi ya maigizo, kwa kuwa ulikuwa umechafuka kiasi cha kuhesabiwa maiti.

Mtu mwingine angeondoka na hasira zake. Sauriol aliendelea kutembea, kuandika na kuchangisha fedha za kununua ardhi za hifadhi kote nchini. Alifariki mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 91. Sehemu ya bonde la tawi la mashariki, jirani na Don Mills, imepewa jina lake.

Walioko juu na bonde lililo chini

Don Mills ya leo ilianza kujengwa mwaka 1953, juu ya mashamba yaliyokuwa yamenunuliwa na tajiri E. P. Taylor. Aliyeupanga mtaa huo, Macklin Hancock, alikuwa bado kijana wa miaka ya ishirini. Aligawa eneo katika mitaa minne kuzunguka maduka, na akaweka njia za miguu katikati ya majani ili mtoto aende shule bila kuvuka barabara kubwa. Ni kinaya kwamba mji uliochorwa kwa kuwafikiria waendao kwa miguu ulikuja kuwa mfano wa maisha ya gari. Na pembeni yake, kusini, yalipanda majumba marefu ya Flemingdon Park na Thorncliffe Park, ambayo yamewapokea wahamiaji kizazi hadi kizazi.

Miongoni mwao ni watu wa kwetu. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na Canada ikawapokea zaidi ya 6,000. Wengine walitoka Tanzania na Kenya, na baadaye wakaja Wasomali, Wakongo na wengineo. Mwandishi M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, aliyatumia maisha ya majumba hayo ya Don Mills katika riwaya yake No New Land ya mwaka 1991. Humo ukanda wa jengo ndio mtaa, na milango ya majirani ndiyo maduka. Tangu mwaka 2014 kituo cha Waismailia na jumba la makumbusho la Aga Khan vimesimama katika barabara ya Wynford, jirani kabisa na bonde, katikati ya bustani zenye mabwawa ya maji.

Swali la bibi yetu wa Mlalo laanzia hapo. Aliye juu ya ghorofa anaweza kukaa miaka kumi bila kushuka bondeni. Sababu zipo. Kwanza ni kazi: anayefanya zamu mbili hana saa ya matembezi. Pili ni baridi. Kuanzia Desemba hadi Machi njia huteleza, na mtu wa makamo huhofia kuvunjika nyonga. Tatu ni woga wa msitu usiojulikana, ambao hauna wenyeji wa kusalimiana nao. Nne ni barabara kuu, kwani mara nyingi iko kati ya nyumba na mto, na mgeni hajui mahali pa kuvukia.

Lakini mahali pa kuvukia papo. Katika bustani ya Moccasin Trail kuna tundu la wapitao kwa miguu, na mdomo wake umechorwa upinde wa mvua. Waendao kwa magari huuona kwa sekunde chache. Aendaye kwa miguu hupita ndani yake, kisha anatokea upande wa pili kwenye mto na miti.

Je, mtu asiposhuka amepoteza nini? Hupoteza afya, hilo ni wazi kwa kila daktari. Hupoteza pia maarifa ya hatari. Bonde la Don bado hufurika. Mvua kubwa ya Julai 2024 iliifunga barabara kuu ya bondeni na kuyanasa magari majini. Anayelitembea bonde anajua maji huanzia wapi kupanda. Zaidi ya hayo, hupoteza haki ya kusema. Mamlaka zikileta mpango wa bonde, wa barabara au wa majengo, anayesikilizwa ni yule awezaye kusema: hapa napajua, nimepita hapa wakati wa masika na wakati wa theluji. Wakulima wa Mlalo walilifahamu hilo. Sauriol alilifahamu pia.

Majina yaliyo chini ya majina

Kuna sababu moja zaidi. Anayetembea huanza kuuliza majina. Jina la Don lililetwa na Gavana John Graves Simcoe mwaka 1793, kwa kuwa mto huo ulimkumbusha mto wa Yorkshire, Uingereza. Kabla yake Waanishinaabe waliuita Wonscotonach. Mtu wa Usambara hahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo: Wajerumani waliibandika Lushoto jina la Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao, na jina hilo likaondoka pamoja nao.

Ardhi ya Toronto ilitolewa kwa Waingereza katika makubaliano ya mwaka 1787, yaliyorekebishwa mwaka 1805 kwa malipo ya shilingi 10. Watu wa Mississauga walidai kwamba hawakutendewa haki, na mwaka 2010 serikali ya Canada ikakubali kuwalipa dola milioni 145. Mhamiaji anayeijua habari hiyo huacha kujiona kuwa mgeni peke yake. Hutambua kwamba amefika katika nchi yenye wenyewe, wenye madai yao, na kwamba heshima kwa wenyeji ni sehemu ya kukaribishwa.

Mto nao umeanza kuponywa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mdomo wake ulilazimishwa kupinda kona kali ndani ya mfereji kabla ya kuingia ziwani. Mwaka 2024, baada ya kazi ya miaka mingi, mto ulifunguliwa njia mpya yenye mikondo na majani, ili mafuriko yapate pa kupita bila kuingia majumbani. Kisiwa kilichotokea hapo kimepewa jina la Kianishinaabe, Ookwemin Minising. Washambaa wa Kimweri wangekuwa na neno moja tu la kuieleza kazi hiyo: kuzifya shi.

Basi bibi wa Mlalo na ashuke. Asianze na safari ndefu. Asubuhi ya Mei, theluji imekwisha na matope yamekauka, mjukuu amshike mkono. Wavae viatu visivyoteleza, wapite chini ya upinde wa mvua, wafike mtoni, warudi. Juma lijalo waende mbele kidogo. Mjukuu atamsomea vibao vya njia, kwa kuwa Kiingereza anakijua. Bibi atamfundisha kusoma mteremko: udongo huu umeliwa na maji, mti huu mizizi yake imeachwa nje, hapa usijenge. Hayo hayaandikwi kwenye vibao.

Wahenga walisema milima haikutani ila wanadamu hukutana. Pale bondeni, kati ya bibi na mjukuu, huenda hata milima ikaonana.